Ufa wa Dababu Nambari Kumi na Moja

Nilimwahidi Fundi Haji kwamba sitaficha ufa. Hakuniapisha. Alinitaka tu nilitamke neno hilo kwa kinywa changu, nami nikalitamka, tukiwa tumesimama mbele ya madigadi nyekundu iliyopauka hadi ikafanana na ufizi wa mgonjwa, katika karakana moja kusini mwa Riyadh, mwaka ambao nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na stashahada ya uhandisi mitambo niliyoiamini kuliko nilivyoiamini nafsi yangu. Wiki iliyopita binti yake alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Makunduchi. Alisema baba amezikwa baada ya swala ya Ijumaa, kwamba alikuwa akinitaja, na kwamba ameona vyema nijue. Niliusikiliza ndani ya gari, nje ya ofisi ninakofanyia kazi sasa hapa Jeddah, nikaurudia mara tatu, kisha nikashindwa kushuka. Sikulia. Nilichohisi kilikuwa kile kile nilichokihisi mwaka ule kila mlango wa bati wa karakana uliposukumwa. Mzee niliyemwogopea hayupo tena wa kukamatwa na yeyote, na bado niliangalia kioo cha nyuma kuona nani anakuja.

Bosi wetu, Abu Turki, alikuwa na dababu ishirini. Ndivyo wanavyoziita huko zile pikipiki pana za magurudumu manne ambazo watu hukodi kwenda kupanda vilima vya mchanga mwekundu nje ya mji, msimu wa baridi unapoingia. Msimu ukiisha zilibaki juani, na jua la Riyadh hula plastiki kama mchwa anavyokula boriti, kimya kimya na kuanzia pembeni. Nyekundu huwa ya waridi, nyeusi huwa kijivu, na ukipitisha kidole unakitoa na vumbi kama chaki. Kazi yetu ilikuwa kuzirudishia sura. Tuliziosha kwa sabuni na maji ya moto, tukazifuta mafuta, tukazipiga msasa, na zile zilizochanika vibaya tukazipaka rangi maalumu inayokubali kupinda pamoja na plastiki. Lakini zilizopauka tu hazikuhitaji rangi kabisa. Ukizipuliza hewa ya moto kwa kipimo, bila kusita mahali pamoja, wekundu wake wa asili hurudi juu wenyewe, kama damu inavyorudi usoni mwa mtu aliyeona haya. Siku ya kwanza nilipouona muujiza huo nilicheka. Fundi Haji hakucheka. Alikishika kidole changu akakipitisha juu ya plastiki ile iliyong'aa, akaniambia niutafute ufa aliokuwa amenionyesha hapo robo saa kabla. Sikuupata. Moto ulikuwa umeyeyusha midomo yake na kuifumba. Akaigeuza madigadi, na kwa chini ufa ulikuwa wazi kama ulivyozaliwa.

"Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema. "Kazi yetu siyo hiyo. Hapa ufa ukizibwa ndio unaoua. Ufa wa plastiki washonwa."

Akanionyesha kushona. Kwanza hutoboa tundu dogo kabisa mwisho wa ufa, ili usiendelee kukimbia. Kisha hukata mfereji mwembamba kuufuata, kwa upande wa chini, akayeyushia humo ufito wa plastiki ya aina ile ile, pindo kwa pindo, na kila pindo sharti lishike kingo zote mbili, kama mama yake alivyoshona ukili kuwa mkeka. Akimaliza huchukua msumari wa moto na kuweka nukta tatu chini ya mshono, mahali pasipoonekana na mteja. Nilimuuliza kwa nini ajisumbue na alama isiyoonekana. Akasema anayeigeuza ataiona, na asiyeigeuza hakuwa akimfanyia yeye. Halafu akanipa onyo kuhusu bamba la kukanyagia. Bamba hilo ndilo linalouzuia mguu wa mpandaji usishuke mbele ya gurudumu la nyuma. Likiachia, mguu huenda chini na chombo humpanda mwenyewe. Ndipo aliponitaka niahidi.

Tuliishi Manfuha, chumba kimoja, magodoro mawili, jiko la gesi, na dirisha lililozibwa kwa boksi la jokofu. Nimewahi kulala katika vyumba vibaya zaidi, lakini sijawahi kulala katika chumba kilichokuwa kikisikiliza kama kile. Ukuta ulikuwa mwembamba, na kupitia kwake tulizijua habari zote zilizotuhusu: doria iko mtaa gani, nani amesimamishwa dukani, nani hakurudi. Mimi nilikuwa na ikama halali, kadi ya kibali cha kuishi nchini. Haji hakuwa nayo. Kafili wake, mwenyeji aliyemdhamini, alikuwa amefariki, warithi hawakumtambua, na kadi yake, kama alivyosema mwenyewe, ilikuwa imekufa kwa mwaka wa pili sasa bila kuzikwa. Kandambili zake zilikaa zimeelekea mlangoni. Juu yake, kwenye msumari, ulining'inia mfuko wenye kanzu moja, dawa za shinikizo la damu na picha ya binti yake. Jioni alipika wali na mchuzi wa samaki kwa nazi ya unga, akiionja na kukunja uso. "Hii nazi au chokaa?" aliuliza kila mara, kisha akala zaidi yangu. Kikigongwa chochote uani, kijiko chake kilisimama hewani, na changu nacho kikasimama, ijapokuwa mimi sikuwa na sababu. Niligundua mwaka ule kwamba hofu ya mtu hula sahani moja na wenzake. Baada ya miezi miwili sikuweza tena kutofautisha ipi ni yake na ipi ni yangu.

Abu Turki alijua na hakujua. Siku yangu ya kwanza alinimiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, akanieleza kwa upole kwamba karakana ile katika makaratasi ina mfanyakazi mmoja, na huyo ni mimi. Akasema hajui mwingine, na hataki kujua nani anaingia kwa mlango wa nyuma, maadamu kazi inatoka. Kumtumia mtu asiye na karatasi kungemtia hata yeye matatani, na mimi ningeandikiwa haruubu, yaani mtoro, ambayo ni neno moja tu kwenye kompyuta lakini hukufungia kila mlango. Aliyasema yote hayo akitabasamu. Sikuwa bado na akili ya kuogopa upole.

Niliivunja ahadi yangu siku ya Jumatano, kabla ya likizo ya shule. Lori lilikuwa linasubiri kupeleka dababu sita Jeddah, kwa dada yake bosi, ambaye wageni wake walitaka kuzipanda ufuoni. Asubuhi hiyo doria ilikuwa imeingia mtaa wetu, na Haji alibaki chumbani amelala chali kama mtu anayejaribu kutokuwepo. Nilikuwa peke yangu. Dababu tano zilikuwa tayari. Kwenye ya sita, iliyoandikwa nambari kumi na moja, niliona ufa wa urefu wa kidole cha mwisho, umeanzia kwenye tundu la skrubu la bamba la kulia. Kushona kulihitaji mkono wa Haji na saa nzima. Bosi alipiga simu mara mbili akinihimiza, yalla, Idrisa, yalla. Mara ya tatu hakusema yalla. Aliuliza taratibu kwa nini kazi ambayo siku zote humalizika, leo haimaliziki. Jibu la swali hilo lilikuwa mzee aliyelala kwenye godoro Manfuha. Nikamwambia nimekaribia, nikaichukua mashine ya hewa ya moto. Ilichukua muda mfupi kuliko kunawa uso. Bamba likawa jekundu kama tunda, jekundu kuliko mengine yote, kwa sababu nililipuliza kwa muda mrefu zaidi, nikitaka kuhakikisha.

Niliamriwa kusafiri na lori, ili kama kitu kikiharibika huko niwepo. Tangu Jumatano jioni hadi asubuhi ya Alhamisi nilikaa kando ya dereva nikisikia minyororo ikilia nyuma yetu. Nilijaribu kujishawishi kwa hesabu nilizofundishwa chuoni, za uzito na eneo na uimara wa plastiki, na kila nilipofika mwisho niligundua kwamba nimedhani jambo moja ambalo sikulijua.

Nyumba ya dada huyo, waliyemwita madam, ilikuwa mtaa wa Al-Hamra, na jikoni mwake alikuwepo Nekesa, Mkenya wa Bungoma, mwaka wake wa tatu hapo. Alinipa ugali wa semolina na mchicha kupitia mlango wa nyuma, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kunitazama nikila. Aliposikia kazi yangu alifurahi sana. "Sasa wewe injinia mzima, umesoma college, halafu umekuja huku kung'arisha vidude vya watoto? Ama hiyo course ilikuwa ya kuosha vyombo na hukuambiwa?" Nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu Riyadh. Kisha, akikusanya sahani, akanieleza mpango wa kesho. Mtoto wa madam, Juri, wa miaka sita, ameruhusiwa kupanda dababu kwa sharti moja: Nekesa akae nyuma yake, amkumbatie, na usukani aushike Nekesa mwenyewe. Ameshafundishwa na dereva. Na Juri alikuwa ameshachagua ya kwake. Alipita kati ya zote sita akaigusa iliyokuwa nyekundu zaidi.

Ninaona aibu kuandika kilichofuata, na ndiyo sababu nakiandika. Sikwenda kwa bosi, ambaye alikuwa amekuja kwa ndege na yuko sebuleni kwa dada yake. Nilirudi jikoni baada ya adhuhuri, Nekesa akisukuma chapati, nikamwambia kesho aseme anaumwa kichwa.

"Siumwi kichwa."

"Sema tu, dada."

Aliendelea kusukuma. "Kwani iko nini na hiyo kitu?"

Nikamwambia. Nilimweleza ufa, moto, gurudumu la nyuma, na mguu unavyokwenda. Hakupiga kelele. Aliutazama mguu wake wa kulia ndani ya patipati ya bluu, akaugeuza kidogo kushoto na kulia, kama mtu anayekagua kitu alichoazimwa.

"Na hii umekuja kuambia mimi," alisema. "Nikisema naumwa, si watampandisha mtoto na mtu mwingine? Mguu ni ule ule, ni mwenyewe tu amebadilika. Halafu mimi nikikataa kazi, pasipoti yangu iko kwa droo ya madam. Yako wewe ikama iko mfukoni. Si uitumie."

Nikatoka nje, nikasimama nyuma ya tangi la maji, nikampigia Haji. Sikujua ninampigia kumwomba nini. Nilimweleza yote. Nilisikia feni ya chumba chetu ikizunguka na kukwama, kuzunguka na kukwama. Aliuliza ni mguu upi, nikamwambia wa kulia. Akauliza ni mguu wa nani, nikamtajia.

"Ni hiyo tu?" aliuliza.

"Ni hiyo tu."

Feni ikakwama mara kadhaa.

"Na nyingine mbili," nikasema. "Nambari nne na nambari kumi na saba. Ziko hapo karakanani. Siku zile ulizobaki chumbani."

Hadi dakika ile nilikuwa nimejisimulia, hata moyoni mwangu, kwamba nimekosea mara moja. Nilimwambia kwamba nikisema, bosi atakuja karakanani, na akija atamkuta. Nilimsihi aondoke mapema, aende kwa watu wake wa Al-Dirah, wanaouza vitambaa.

"Wanisubiri mie nikuruhusu?" alisema. Sauti yake haikuwa ya hasira, nayo ilinitisha kuliko hasira. "N'shaogopa miaka miwili, mwanangu, na mguu wangu ungalipo. Kaseme. Zote tatu."

Hata hivyo nilingoja hadi Ijumaa alasiri. Nilingoja mpaka kiti cha mtoto kikafungwa, mpaka lori likawashwa tayari kuzipakia kwenda ufuoni, mpaka Nekesa akatoka amevaa raba alizoazimwa, akanitazama mara moja tu na kuangalia kando. Ndipo nikamwendea Abu Turki aliyesimama na wageni wake, nikamwambia kwa Kiarabu changu kibovu kwamba nambari kumi na moja haifai, nimeficha ufa. Alidhani nimekosea maneno. Alilipapasa bamba kwa kiganja, likateleza kama glasi, akasema mafi mushkila, hakuna tatizo. Nikamwomba alikanyage. Akaligusa kwa kisigino, halikutikisika. Nikamwomba tena. Akakanyaga kwa nguvu. Halikutikisika, na wageni wakacheka. Hapo niliingiwa na hofu mpya ambayo sikuwa nimeitarajia: kwamba bamba ni zima, kwamba nimemponza Haji bure. Ninakiri, kwa pumzi moja niliomba livunjike. Mara ya tatu nilimwambia asimame juu yake kwa uzito wote. Alisimama, kwa kunionyesha ujinga wangu, na bamba likapasuka kama kifuu. Kiatu chake kikapita hadi chini. Juri alishangilia, akidhani ni mchezo.

Bosi alipoutoa mguu, kifundo kilikuwa kimechunika na soksi imeanza kuloa damu. Hakuutazama. Alikuwa akitazama nafasi iliyobaki kati ya lile tundu na gurudumu la nyuma, ambayo ilikuwa pana kama kiganja. Kisha akamtazama mpwa wake. Baadaye aliinama mwenyewe, katika kanzu yake nyeupe, akapeleka macho chini ya dababu nyingine, na ya tatu, na alipoinuka aliniuliza nukta tatu zile ni za nani. Nikasema ufa uliofichwa ni wangu. Akasema hakuuliza ufa ni wa nani. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukamjibu.

Siku ya tatu yake Abu Turki alikuja nami karakanani Riyadh. Nilikuwa nimempigia Haji tena na tena kumwambia aondoke, naye aliacha kupokea. Tulimkuta amekwisha fungua mabamba ya dababu zote kumi na nne zilizobaki, ameyalaza kifudifudi juu ya maboksi, na kila mshono na kila ufa ameuzungushia chaki. Yangu mawili aliyaweka mbele, peke yake. Alimweleza bosi moja moja, kwa Kiarabu cha miaka thelathini, safi kuliko cha vitabu vyangu, kama mtu anayekabidhi kazi. Abu Turki alisikiliza amesimama, kifundo kimefungwa bandeji. Mwisho alisema, "Halas, ya ammi Haji." Yaani imetosha; na alimwita ami. Alilijua jina lake siku zote. Akasema kuanzia kesho asionekane hapo, wala hakupandisha sauti. Haji aliomba siku moja ya kushona nambari nne na kumi na saba, na bosi akaitikia kwa kichwa huku akienda.

Nilimshikia bamba la kwanza. La pili alinipa mimi nilishone, akakaa kwenye ndoo ya rangi akinitazama, na mara mbili alinifanya niondoe pindo na kulirudia. Nilipomaliza alipasha msumari na kunikabidhi, akasema niweke zangu. Niliweka nukta moja. Sikujiona nastahili zaidi. Alipitisha kidole juu yake, akasema, "Haya, moja nayo ni alama."

Hakwenda Al-Dirah. Aliushusha mfuko msumarini, akajipeleka mwenyewe kwa wanaorudisha watu makwao, wakachukua alama za vidole vyake ili asiweze kuingia tena, na baada ya wiki kadhaa alikuwa Makunduchi. Siku ya kuagana aliniambia amechoka na joto kavu, anataka upepo wa kwao. Nililipokea neno hilo haraka kwa sababu lilinifaa. Tumezungumza kwa simu miaka saba. Nilimuuliza juu ya shinikizo la damu, juu ya harusi ya binti yake, juu ya bati alilokuwa akiezekea. Sikumuuliza hata siku moja kama alitaka kweli kurudi. Niliogopa jibu, na sasa hakuna wa kunijibu. Nekesa alimaliza mkataba wake akarudi Bungoma. Kila mwaka mpya hunitumia picha ya miguu yake katika viatu vipya, na maneno yale yale: "Injinia, bado ni miwili." Huwa nacheka, kisha naitazama picha ile kwa muda mrefu, upande wa kulia.

Mimi sasa hukagua vifaa vya kampuni moja hapa Jeddah, na wenzangu hunitania kwamba nageuza kila kitu juu chini. Wiki hii nimewaza niandike nini kwa ajili ya mzee yule ambaye jina lake halikuwahi kuwa katika karatasi yoyote ya karakana aliyoitumikia. Sikupata kitu kikubwa. Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma jambo moja tu. Ukikodi chombo cha namna ile, popote pale, usitazame rangi yake. Kabla hujampandisha mtu, inama, peleka mkono chini ya bamba la kukanyagia, upapase. Kisha lisimamie kwa uzito wako wote, na usiridhike kabla ya mara ya tatu.